Jino Kwenye Kikombe cha Fabiola

Jino langu la mbele lilivunjika Jumanne jioni, kwenye maharage ya mgao ya duka la kaya, siku nne kabla sijasimama kusoma risala mbele ya mgeni rasmi.

Mwaka ule maharage yalikuja na mawe yake kama bibi harusi anavyokuja na mashangazi. Unayachambua kwenye ungo juani, unayarudia kivulini, unayaosha mara tatu, na bado jiwe moja linabaki linakungoja. Ugali wenyewe ulikuwa wa yanga, ule unga wa njano wa msaada tulioupa jina la timu ya mpira. Nikatafuna, kitu kikalia kaa. Nilifikiri jiwe ndilo limevunjika, nikajisifu moyoni kwa meno imara. Nilipotema kiganjani nikakuta vitu viwili: jiwe, zima kabisa, na kipande cha jino.

"Umepata nyama?" akauliza mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni Bibi Valeria. Alishuka kutoka Mbulu Fabiola alipozaliwa, aje anisaidie kulea kwa miezi mitatu, na sasa Fabiola alikuwa na mwaka na nusu. Mume wangu Marcelino, fundi wa mabomba, alikuwa amepelekwa Kiteto kutengeneza pampu ambayo spea yake haikuwepo nchini. Kwa hiyo pale nyumbani Maisaka tulikuwa wanawake watatu, na katika hao Fabiola peke yake ndiye aliyekuwa akiongeza meno.

Nikamwonyesha mama kiganja. Akakisogeza kwenye mwanga wa koroboi, akatazama, akanitazama mdomoni, akarudi kiganjani.

"Lirushe juu ya bati," akasema. "Uombe jingine."

"Hiyo ni ya watoto, mama. La mtu mzima halirudi."

"Umejaribu?"

Sikuwa nimejaribu. Lakini nilikuwa na sababu ya kutotaka kurusha kitu chochote juu ya bati, na sababu hiyo ilikuwa risala.

Mimi niliishia darasa la pili, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Kusoma kwa kweli nilikujifunza ukubwani, kwenye kisomo cha saa kumi jioni, Fabiola akiwa tumboni na baadaye mgongoni. Nilipofaulu hatua ya nne, mratibu wetu, Mwalimu Aniceti, alinichagua nisome risala kwenye kilele cha Juma la Elimu ya Watu Wazima. Tena akasema mbele ya darasa zima: "Atakayesoma risala bila kukwama, huyo ndiye nitakayempa chekechea ya Maisaka mwezi wa kwanza."

Chekechea. Chumba kimoja nyuma ya ofisi ya kata, watoto thelathini, na mimi mbele yao na chaki. Nilikuwa nimeshakusanya vijiwe vya kuhesabia, mia tatu, nimevifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu. Nilitaka Fabiola akue akijua kwamba watoto wote anaocheza nao, herufi a waliipata kwa mama yake.

Sasa Mwalimu Aniceti alikuwa na msemo wake: mdomo wa msomaji ni mlango wa darasa. Mwaka uliotangulia msomaji alipatwa na kwikwi kwenye mazoezi, mazoezi tu, akaondolewa. Na nyuma yangu, akisubiri nafasi, alikuwepo Philomena wa Mutuka, mwenye meno thelathini na mawili yaliyojipanga kama wanafunzi asubuhi kwenye paredi.

Nikajaribu mstari wa kwanza. "Ndugu mgeni rasmi, sisi wanakisomo wa Babati..."

Kila penye s, upepo ulitoka kwenye pengo kama mpira wa baiskeli uliochomwa na mwiba. Fabiola alifurahi sana. Akaingiza kidole kwenye pengo kuangalia sauti inatoka wapi.

Usiku ule sikulala mpaka nimepata kijitabu chetu cha afya. Nilikumbuka kulikuwa na ukurasa wa meno, tuliusoma kwa pamoja wiki ya somo la kunguni. Kikasema hivi: jino likivunjika, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kitafute kipande, ukihifadhi ndani ya maziwa, kisikauke. Penye ncha kali paka nta usijikate ulimi. Umwone mganga wa meno mapema.

Kila kitu kilikuwa kinawezekana. Chumvi tulikuwa nayo, ndiyo bidhaa pekee ambayo haikuadimika. Nta ya nyuki mama alikuwa amekuja nayo kutoka Mbulu. Na mganga wa meno alikuwa ametangazwa kanisani Jumapili: daktari anayezunguka na gari la misheni angefika zahanati Ijumaa, siku moja tu, na safari hii alikuwa na dawa ya kugandisha jino lililokatika. Padri alitangaza hilo mara mbili, maana watu hawakuamini.

Yalibaki maziwa.

*

Jumatano alfajiri nilimsubiri Naisenya mlangoni. Naisenya alikuwa Mmasai wa Simanjiro aliyeolewa na mlinzi wa ghala, na ndiye aliyetuletea maziwa kwenye kibuyu. Kiangazi kile ng'ombe walitoa maziwa kama wanayakopesha. Kila nyumba ilipata kikombe kimoja, basi.

"Shikamoo, Mama Fabiola mkubwa," akamsalimia mama mkwe ndani, kisha akanigeukia. "Na wewe mbona unajifunika? Jino linauma?"

Nikashusha kanga. Akanishika kidevu, akanigeuza kulia na kushoto kama anayenunua mbuzi.

"Ah," akasema kwa masikitiko. "La juu."

"La juu, ndiyo."

"Lingekuwa la chini ningekupongeza." Akafungua mdomo kunionyesha pengo lake safi pale chini, meno mawili yaliyong'olewa utotoni kwa desturi ya kwao. "Hapa ndiyo panapendeza. Na ukipata ugonjwa wa taya kukaza, uji unapita. Hapo kwako hata uji utaona aibu. Ila kama unataka, nimlete mama yangu akutoe na ya chini mawili, watu wasiangalie juu."

"Asante, dada. Nitafikiri."

"Fikiri upesi. Anarudi Simanjiro kesho kutwa."

Nikachukua kikombe cha Fabiola, kile cheupe cha bati, nikamimina maziwa yote, nikatumbukiza kipande cha jino. Kikazama bila kuaga. Fabiola siku hiyo nilimpa uji mkavu, na nilimwomba radhi kwa kumbusu kwenye kisogo.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwenye kisomo tulifundishwa kuandika majina ya vitu vya nyumbani juu ya vitu vyenyewe, ili macho yazoee. Mimi niliyapenda mafundisho hayo kupita kiasi. Nyumba yangu yote ilikuwa inasomeka. Mlangoni MLANGO, mtungini MTUNGI, kwenye kiti KITI. Hata kwenye fimbo ya mama mkwe niliandika FIMBO, akaifuta kwa mate. Kwa hiyo nikachukua mkaa, na kwenye kikombe nikaandika kwa herufi kubwa na nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika: JINO. USIGUSE. Nikakifunika kwa kisahani, nikakiweka juu ya rafu. Nikapaka nta kwenye ncha, nikambeba Fabiola, nikaenda kisimani.

Foleni ya kisimani siku hiyo ilikuwa ndefu. Nilirudi saa tisa na ndoo kichwani, na kabla sijafika mlangoni nikaona baiskeli imeegemea ukuta wetu. Niliijua. Haikuwa na breki, na nyuma ilikuwa na kibao kidogo kilichoandikwa ELIMU HAINA MWISHO.

Nikavuta kanga mdomoni, nikaingia.

Mwalimu Aniceti alikuwa ameketi juu ya KITI, miguu ameinyoosha, kikombe mkononi, uso wa mtu aliyesahau dhiki za dunia. Kikombe hicho kilikuwa na chai. Chai ilikuwa ya maziwa.

"Mama Fabiola," akasema. "Karibu nyumbani kwako. Nimekuja tupitie ukurasa wa pili. Lakini mama yako amenikuta na njaa ya mwaka mzima. Tangu Krismasi sijanywa chai ya maziwa. Hiki ni cha pili."

"Mgeni hanywi chai ya rangi nyumbani kwa mwanangu," akasema mama mkwe, amejikunja vizuri kwenye kigoda. "Nimetia na asali."

Macho yangu yakapanda rafuni. Kikombe cha Fabiola kilikuwa pale pale, kimeoshwa vizuri kwa ndani, mdomo juu, kitupu. Maandishi yangu hayakuwa yamefutika hata nukta moja.

Chujio letu lilitoboka mwaka juzi, na kwenye maduka hapakuwa na chujio. Mama alichuja kwa macho tu, majani yatulie chini. Na kitu kizito kuliko majani kingetulia wapi, kama si chini kabisa, kwenye kikombe cha mtu aliyeongezewa?

"Mwalimu," nikasema nyuma ya kanga, "nikubadilishie chai, hiyo imepoa."

"Chai kama hii haipoi," akasema, akainua kikombe, akamalizia mpaka majani ya chini, akiyatafuna.

Kaa.

Ilikuwa sauti ile ile ya maharage. Niliijua kama mtu anavyoijua sauti ya mlango wake. Mwalimu aliacha kutafuna. Akatoa leso, akatema taratibu, akatazama. Kwenye leso kulikuwa na majani matatu ya chai na jino langu.

Nyie mnaotoka mbali hamtaelewa kwa nini hakulishangaa. Sisi wa huku tulikulia maji ya magadi. Meno yetu yana rangi ya kahawia, wote, kuanzia padri mpaka mwizi. Jino la mmoja halitofautiani na la mwingine. Mwalimu akapeleka ulimi kinywani kukagua, na ulimi ukitafuta shimo kinywani haukosi. Ukalipata, nyuma huko kulia.

"Jino langu," akasema kwa sauti ndogo. "Jino langu limevunjika."

Ungeniuliza leo, ningekwambia kwamba hapo ndipo mtu muungwana angesema kweli. Lakini ningesemaje? Kwanza ningelazimika kushusha kanga, na Philomena angekuwa amesharithi risala kabla Mwalimu hajafika barabarani. Pili, ningekuwa ninamwambia mtu mzima, mgeni, mratibu wa elimu, kwamba ametafuna kipande cha mwili wangu kilichochemshwa, na amekisifu. Nikasema neno moja tu, lisilo na s ndani yake.

"Pole."

"Pole sana," akasema mama mkwe, ameshika mashavu. "Ni ile asali, huwa ina makaa ya mzinga."

Mwalimu akakifunga kipande kwenye leso mara nne, akatia mfukoni. Akasimama. Lakini mwalimu ni mwalimu hata akifiwa. Njiani kuelekea mlangoni alisoma nyumba yangu. "MTUNGI. Vizuri. RAFU. Vizuri, r yako imesimama." Kisha akafika kwenye kikombe. "JINO. USIGUSE." Akanigeukia, macho yamemlowa kidogo. "Unaona? Hata usafi wa kinywa unafundisha humu ndani. Hiki ni cha kusukutulia?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ningekuwa na kikombe kama hiki yasingenikuta haya." Akanitazama nilivyojifunika. "Na usione haya namna hiyo. Jumamosi nataka mdomo wote uonekane."

Baiskeli yake ilipopotea, nikakaa chini, nikamweleza mama mkwe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mimi chai niliyokunywa ilikuwa ya juu au ya chini?"

"Ya juu, mama."

"Mungu mkubwa." Akafikiri. "Lakini ulitakiwa uniambie."

"Niliandika."

"Umeandika kila mahali. Umeandika mpaka kwenye fimbo. Nilijua pale umeandika kikombe."

Mama mkwe alikuwa amekataa kisomo kwa miaka saba, tangu akiwa Mbulu. Kila mwalimu akipita kuandikisha watu, yeye alikuwa anaumwa mgongo. Basi tukakaa, wawili, tukitazama rafu. Mara mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa akicheka, na alicheka mpaka Fabiola naye akacheka bila kujua sababu, na mimi nikacheka nikipiga filimbi kwenye kila pumzi, mpaka nta ikadondoka.

"Atakwenda nalo kwa daktari Ijumaa," mama akasema akijifuta macho. "Na sisi tutakwenda. Nitachukua asali kibuyu kimoja, nimpe pole. Mtu akiumia kwangu siwezi kumwacha aende peke yake."

"Hajaumia, mama."

"Atakapojua ataumia."

*

Ijumaa zahanati ilijaa kama mnada. Mwalimu Aniceti alikuwa kwenye benchi la mbele, amejifunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, kwa jino ambalo halikuwa lake. Mkononi alikuwa na kasha la kiberiti.

"Shikamoo, bibi. Mmekuja kunisindikiza," akasema, na nilimwona ameguswa kweli. "Tangu juzi naumwa sijalala."

"Pole, mwanangu," akasema mama mkwe, akaketi karibu naye kabisa. "Liko humo?"

"Limo. Nimelitandikia pamba."

"Hebu nishike nilione."

"Hapana, bibi."

"Nitalishika tu kidogo, huku wewe unapumzika."

"Bibi, mimi ni mtumishi wa umma. Jino hili ni la serikali." Akalihamishia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Mama akanitazama juu ya kichwa chake, akanyanyua nyusi kuonyesha kwamba amejaribu. Mimi nilikuwa nimeamua njiani. Nitamwona daktari kwanza, nimweleze pembeni, yeye ndiye atajua namna ya kusema. Lakini watu walimpenda Mwalimu. Wengi walikuwa wanafunzi wake. Mlango ulipofunguliwa wakasema kwa pamoja apite, yeye ana maumivu. Akapita.

Chumba cha daktari hakikuwa na mlango wa ndani, kilikuwa na pazia. Tulisikia kila kitu. Daktari Xavery alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu wasioweza kumjibu.

"Fungua. Zaidi. Lipi limevunjika?"

"La nyuma kulia."

"Hilo halijavunjika, limeoza. Shimo hilo lina miaka mitano. Kipande kiko wapi?" Kasha likafunguka. "Mwalimu, hiki ni kipande cha jino la mbele. La juu."

"Basi ni la mbele."

"Ya mbele yote unayo."

"Hesabu vizuri, daktari."

"Nahesabu. Moja. Mbili. Tatu." Nje kwenye mabenchi watu wakaanza kuhesabu naye chinichini, ndivyo tulivyofundishwa, mtu akihesabu mnahesabu pamoja. Tulipofika thelathini na mbili benchi zima likapumua. Yalikuwa yametimia.

"Thelathini na mbili," akasema daktari, "na hili la kiberiti ni la thelathini na tatu. Mwalimu, umelitoa wapi?"

Nilimfikiria Philomena. Nikavifikiria vijiwe vyangu mia tatu. Nikamfikiria pia Mwalimu Aniceti, mtu aliyenishika mkono nikaandika jina langu kwa mara ya kwanza, sasa amekaa nyuma ya pazia akiamini ana akili pungufu au jino la ziada. Nikampa mama mtoto. Nikafungua pazia, nikashusha kanga.

"Ni langu, mwalimu."

Kwa pengo lile neno lolote lilikuwa na upepo, hata lisilo na s. Wakanitazama. Daktari akachukua kipande kwa kibano, akanisogelea, akakiweka mahali pake. Kilikaa kama kifuniko kwenye chungu chake.

Mwalimu akafungua kitambaa kichwani, taratibu, mzunguko mmoja baada ya mwingine.

"Kilifikaje mdomoni mwangu?"

"Kwa chai," akasema mama mkwe, ambaye alikuwa ameingia na Fabiola na kibuyu cha asali, na nyuma yake nusu ya foleni.

"Niliandika, mwalimu," nikasema. "Kwenye kikombe."

Akafumba macho. Nikaona midomo yake ikisoma kitu kisichokuwepo mbele yake.

"Jino," akasema. "Usiguse."

"Ndiyo."

"Nikasoma kwa sauti."

"Ukasifu na mwandiko."

"Nikauliza kama ni cha kusukutulia, ukaniambia ndiyo."

"Niliogopa, mwalimu. Ulisema mdomo wa msomaji ni mlango wa darasa, na wangu ulikuwa umeng'oka bawaba."

Daktari Xavery alikuwa amegeukia ukutani. Mabega yalikuwa yanamtikisika na ilibidi aweke kibano mezani. Mwalimu aliweka mkono shavuni. Niliona hasira ikija, ikafika kwenye nyusi, ikasita pale, maana mwalimu akikasirika hutafuta kwanza kosa ni la nani.

"Mwandishi aliandika," akasema mwisho, kama yuko ubaoni. "Onyo lilikuwa wazi, herufi kubwa, nukta mahali pake. Msomaji wa kwanza hakujua kusoma. Msomaji wa pili alijua, akasoma, akajitungia maana yake. Kosa la mwandishi liko wapi? Liko kwenye ile ndiyo peke yake." Akamgeukia mama mkwe. "Bibi, Jumatatu saa kumi. Darasani. Mgongo ukiuma, njoo nao."

Mama akatazama kibuyu cha asali, akaona hakitoshi. "Nitakuja," akasema.

"Na wewe, Mama Fabiola, ukigandishwa hilo jino, nisomee ukurasa wa pili kabla hatujatoka hapa. Ukikwama, Philomena anasoma."

Daktari alikiinua kipande kwenye mwanga. "Kimechemshwa?"

"Na iliki," akasema mama.

"Basi ni safi kuliko vyote nilivyoshika leo. Ila rangi imekolea chai kidogo."

"Kwa huku haitaonekana," nikasema.

Dawa yake ilikuwa imebaki kidogo kwenye kichupa, kama kiasi cha machozi. Akanikausha jino kwa pamba, akapaka, akabana kwa kidole akihesabu kimoyomoyo, na hakuna aliyethubutu kuhesabu naye. Kisha akasema nisitafune chochote kigumu mpaka Jumatatu, na maharage nisiyaguse mpaka nchi itengemae. Wakati mimi nabana mdomo, akamwambia Mwalimu kwamba kwa kuwa yuko pale, na shimo lipo, na koleo limechemka, kwa nini arudi nyumbani na jino bovu.

Kwa hiyo nilisoma ukurasa wa pili nimesimama katikati ya chumba kile, Fabiola akining'inia kwenye gauni langu, na Mwalimu akinisikiliza kwa ganzi nusu uso. Nilifika mwisho. Kila s ilibaki ndani. Alipotaka kunisifu, mdomo ulimwendea upande, ikabidi atikise kichwa tu.

*

Jumamosi shavu la Mwalimu lilikuwa limevimba kama andazi. Hakuweza kumkaribisha mgeni rasmi wala kutambulisha vikundi. Akanikabidhi karatasi zake zote kwa ishara, na mimi, niliyekuwa nimekuja kusoma risala, nikaanza kuendesha sherehe nzima. Nilisoma. Niliomba chaki, madaftari, mafuta ya taa, na kwa niaba ya wanakisomo nikaomba machujio yarudi madukani. Hilo halikuwemo kwenye risala. Mgeni rasmi aliandika. Naisenya, mstari wa mbele, alinichekea kwa pengo lake lote ili nisiogope.

Chekechea nilikabidhiwa mwezi wa kwanza. Mwalimu Aniceti alileta mwenyewe boksi la chaki na daftari la mahudhurio kwenye baiskeli yake, akasimama mlangoni kwangu, hakutaka kuingia.

"Nipitilize tu," akasema. "Kama kuna chochote, basi chai ya rangi inanitosha."

"Chai ya rangi haipo," akajibu mama mkwe kutoka ndani. "Kaa."

Akakaa kwenye KITI. Mama akatoka jikoni kwa fimbo yake mkono mmoja, na mkono wa pili kikombe cheupe cha bati kikitoa mvuke. Miezi minne ya saa kumi jioni ilikuwa imepita. Akamgeuzia Mwalimu upande wenye maandishi, akasimama mbele yake asiondoke, kama mtoto anayesubiri kusahihishiwa. Herufi zilikuwa zimelala upande, moja ilikuwa kubwa kuliko nyingine, na mkaa ulikuwa umempaka vidole vyote.

Mwalimu alisoma kimoyomoyo kwanza. Kisha akasoma kwa sauti.

"CHAI TU."

Akatazama ndani ya kikombe, akamtazama mama mkwe, akanitazama mimi mdomoni kuhakikisha meno yote yapo. Halafu akanywa.